Mpanda Baiskeli na Awe Fundi Wake

Njia panda ya Nanganga, mahali ambapo barabara itokayo Ruangwa huungana na ile iendayo Masasi kutoka Lindi, si mji mkubwa wala si jina la kutajwa mara kwa mara magazetini; lakini mtu akisimama hapo asubuhi, kabla jua halijawa kali, akayatazama magurudumu yapitayo mbele yake, atajifunza juu ya maisha ya nchi hii ya kusini mambo ambayo taarifa nyingi za ofisini hazimwambii. Mabasi na malori hupita kwa haraka yao, na bodaboda zina abiria wao na kishindo chao. Wanaobakia machoni ni watu wa baiskeli: mwalimu aliyefunga mkoba wake kwenye karia, mkulima mwenye gunia la muhogo mkavu, mchuuzi mwenye tenga la samaki, mwanafunzi wa sekondari ya kata ambaye shati lake jeupe limekwisha kuingia vumbi jekundu kabla kengele ya kwanza haijalia, na mama aliyekaa nyuma ya mumewe, mtoto mgongoni, wakielekea hospitali ya Ndanda. Habari za hao ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa kuwa ni wengi, ni wavumilivu, na ni nadra sana kusikia mtu akiwasemea.

Rai yangu ni moja, nami naitanguliza ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta. Kila mtu ambaye riziki yake, masomo yake au afya ya jamaa zake inategemea baiskeli hana budi kuwa na vyombo vya kuitengeneza njiani pamoja na maarifa ya kuvitumia. Na kila taasisi inayouza, inayogawa au inayokopesha baiskeli katika wilaya za Masasi na Newala na jirani zao haijatimiza wajibu wake mpaka imevitoa viwili hivyo pamoja na chombo chenyewe.

Zamani nasaha ya namna hii ingalionekana ya ziada. Karibu kila kijiji chenye gulio kilikuwa na fundi wake wa baiskeli, ambaye ofisi yake ilikuwa kivuli cha mwembe au mkorosho, na mali yake yote ilikuwa beseni la maji, pampu ya kukanyaga kwa mguu, kopo la gololi zilizotiwa grisi, na rundo la tyubu kuukuu za kukatia viraka. Mpanda baiskeli aliyepata pancha aliikokota baiskeli yake, akajua kwamba mbele yake, si mbali sana, yuko mtu wa kumwokoa. Pikipiki zilipoanza kumiminika nchini katika miaka ya mwanzo ya karne hii, mafundi hao waliona, na waliona sawasawa, kwamba kubadili oili na kusafisha kabureta kunalipa kuliko kuziba tundu la mwiba. Wakahama, wengine wakiwa bado chini ya mwembe ule ule lakini mikono yao imekwisha kushughulika na kazi nyingine. Hapana mwenye insafu awezaye kuwalaumu, kwani nao wana watoto. Maduka ya vipuri yaliwafuata: rafu zilizokuwa na spoki, mipira ya breki na pedali sasa zimejaa plagi na chupa za oili. Hivyo idadi ya wapanda baiskeli imebaki kubwa ilhali masafa baina ya fundi mmoja na mwingine yamerefuka, na mzigo wa masafa hayo umemwangukia yule aliye na uwezo mdogo kuliko wote waliopo barabarani.

Ni vema kukumbuka kwamba katika sehemu hii ya nchi baiskeli imeyashinda mambo makubwa kuliko yenyewe. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, kwa njia ya Lindi, hadi walipopiga makazi Masasi, msafara ule ulikwenda kwa miguu, na kwa miongo mingi baadaye miguu ilibaki kuwa ndiyo gari la watu wa hapa, Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde. Ukaja mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ukaleta reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea na baadaye tawi la kuelekea Masasi. Mradi ukavunjika mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962, hata leo vijana wengi wa Masasi hawajui kwamba garimoshi liliwahi kupiga honi katika bonde lao. Mto Rufiji ukaendelea kutukatia njia ya Dar es Salaam kila masika mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Katika muda huo wote, baiskeli za Raleigh kutoka Uingereza, kisha Phoenix za China na Hero za India, pamoja na Swala zilizotengenezwa hapa kwetu Tanzania, zilipanda na kushuka baina ya bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde bila kungoja mradi wala bajeti. Na wazee waliozipanda walikuwa na desturi ambayo imepotea: nyuma ya kiti ulining'inia mfuko mdogo wa ngozi, na ndani yake mlikuwa na spana ya matundu mengi, kipande cha msasa, viraka na gundi, huku pampu ikiwa imebanwa kwenye fremu. Baiskeli isiyo na mfuko ule ilihesabiwa haijakamilika, kama vile isingekamilika bila breki.

Sasa na nieleze kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi huiogopa kwa kutoijua, na kwa hakika si ngumu.

Tangu John Boyd Dunlop alipobuni mpira wa upepo huko Belfast mwaka 1888, mwiba umekuwa hasimu wa kila mwenye baiskeli, na hapa kwetu mahasimu ni wawili. Katika njia za mchanga na za mashambani kuna mwiba wa mgunga, mrefu na mgumu, uingiao moja kwa moja. Katika lami kuna kipande cha waya mwembamba kilichotoka katika tairi la lori lililopasuka, ambacho hakionekani kwa macho ya haraka na hukaa ndani ya tairi kikitoboa tyubu moja baada ya nyingine. Mpandaji aonapo upepo umekwenda, jambo la kwanza ni kushuka papo hapo na kuteremsha mzigo. Anayeendelea kupanda kwa tamaa ya kufika haraka huifanya rimu iikate tyubu na kung'oa valvu, na pancha ambayo ingezibwa kwa kiraka kimoja hugeuka kuwa gharama ya tyubu nzima.

Wageni wa kazi hii hudhani lazima gurudumu litolewe. Katika hizi baiskeli nzito za inchi 28, zenye breki za vyuma na kinga ya mnyororo, kulitoa gurudumu la nyuma ni mashaka matupu, na wenye uzoefu hawalitoi. Hupindua baiskeli ikasimama juu ya kiti na usukani, hulegeza nati ya valvu, hutoa ukingo mmoja tu wa tairi nje ya rimu, kisha huivuta tyubu ikaning'inia ubavuni, gurudumu likiwa mahali pake. Wengi hutumia mikono ya vijiko kutolea tairi, nayo yafaa, mradi ncha zake ziwe zimesuguliwa zisiing'ate tyubu. Kulitafuta tundu, fundi wa mabondeni huichovya tyubu katika maji na kutazama mapovu. Lakini mtu wa Newala, ambaye uwanda wake wa mchanga huyanywa maji yote ya mvua na chemchemi zake ziko chini kabisa ya magenge, hakulelewa kumwaga maji kwa ajili ya mpira. Yeye huijaza tyubu upepo na kuipitisha taratibu karibu na mdomo na shavu, na anapohisi pumzi baridi hutia mate kidogo kuhakikisha. Hiyo ni elimu iliyozaliwa na dhiki ya maji, na mahali popote pasipo na kisima ni elimu bora kuliko beseni.

Kiraka hukatwa kutoka tyubu kuukuu, nacho kiwe cha mviringo, kwani chenye pembe huanza kubanduka penye pembe. Pande zote mbili zitakazokutana husuguliwa kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke, hupakwa solusheni kwa wembamba, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kukibandika kiraka ilhali solusheni bado mbichi. Yapasa kungoja ikauke hata isishike kidole, ndipo kubandika na kukandamiza kwa nguvu. Kabla ya kuirudisha tyubu, mtu apitishe vidole kwa uangalifu ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, na si mahali pale tu alipodhani pana mwiba, kwa maana mwiba mmoja ukitolewa na wa pili ukaachwa, kazi yote imekuwa bure. Na iwapo amekuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, asiutafute mwiba: hiyo ni alama ya tairi lililokosa upepo wa kutosha, ambalo limebanwa baina ya jiwe na rimu kwa uzito wa mzigo. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 za maji, na tairi la kubebea mzigo huo halifai kuwa laini kwa ajili ya starehe ya mpandaji.

Asiye na solusheni afanyeje? Wazee walifunga tyubu fundo, tundu likabaki nje ya upepo, wakapanda wakitetereka hadi nyumbani; na wengine, tyubu ilipopasuka kabisa, walilijaza tairi majani makavu yaliyosokotwa kwa kukazwa. Nayataja haya kwa heshima, maana yamewafikisha wagonjwa hospitalini, ingawa tairi la majani halifai kwa mwendo wa kasi wala kwa mteremko.

Uharibifu mwingine hauhitaji maneno mengi. Spoki ikikatika, isiachwe ikining'inia na kujitia kwenye mnyororo. Izungushwe katika spoki jirani, na gurudumu la nyuma la baiskeli za mtindo wa Kiingereza, ambalo lina spoki 40 ilhali la mbele lina 32, litavumilia upungufu huo mpaka nyumbani. Kiungo kimoja cha akiba cha mnyororo hukaa mfukoni bila kuonekana. Kile kimpira chembamba kinachovishwa kwenye valvu, ambacho joto la hapa hukiozesha, hakina uzito wala thamani ya kutisha, na mara nyingi mtu aliyedhani ana pancha hana lolote ila kimpira hicho. Juu ya breki nitasema zaidi kidogo, kwa sababu zinagusa uhai. Anayeshuka kutoka ukingo wa uwanda wa Newala kuelekea tambarare za Masasi, na mzigo nyuma, aikague mipira ya breki kabla ya mteremko, si katikati yake. Na mvua ikinyesha ajue kwamba rimu ya chuma iliyolowa haishikwi na mpira ipasavyo, basi ateremke na kutembea. Hakuna aibu katika kutembea.

Pampu, spana, vijiko viwili, msasa, viraka, solusheni, kiungo cha mnyororo na kimpira cha valvu: vyote hivi pamoja havifiki kilo mbili. Lakini tazama baiskeli kumi zipitazo Nanganga, na utaona fremu zisizo na pampu moja baada ya nyingine. Watu husema pampu huibwa. Ni kweli huibwa, nayo ifungwe au iingizwe mkobani. Wizi wa pampu haujawa sababu ya mtu kukaa saa tatu juani.

Nimefika kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa nimeishika kalamu. Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004 zimemletea mtoto wa kijijini elimu ambayo babu yake hakuiota, lakini kata ni pana, na wako wasichana ambao baiskeli ndiyo iliyowatoa katika kushindwa kuhudhuria. Mfikirie msichana wa namna hiyo ambaye baada ya vipindi vya jioni amepata pancha mahali pasipo nyumba, jua likishuka. Akiwa na pampu na kiraka, na mikono iliyofundishwa, muda si mrefu atakuwa njiani tena. Asipokuwa navyo, yuko chini ya huruma ya mpita njia yeyote atakayesimama na kumpa lifti. Na wengi wanaosimama ni watu wema, lakini kila mzazi, kila mwalimu na kila afisa ustawi wa jamii katika sehemu hii ya nchi anajua kwamba si wote, na kwamba lifti nyingine hudaiwa malipo ambayo mtoto hakuyakubali wala hakuyaelewa. Tunakesha katika warsha tukitafuta tadbiri ya kuzuia mimba za wanafunzi, na tunafanya vema. Basi na kipande cha tyubu na chupa ndogo ya solusheni viingie katika hesabu ya tadbiri hizo, bila mtu kuviona ni vidogo mno kwa mjadala wa heshima.

Wala tusiseme kazi ya kuziba pancha ni ya wavulana. Mikono inayosuka ukili na kufinyanga vyungu haiwezi kushindwa na kiraka. Mtaala mpya wa elimu, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeurudishia mkondo wa amali hadhi yake, na Mwalimu Nyerere alikwisha kuandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kwamba shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Sioni somo la amali lililo sahali na lenye faida ya upesi kuliko hili: darasa moja, baiskeli moja, na kila mtoto, mvulana na msichana, aondoke akiwa amewahi kuitoa tyubu, kuiziba na kuirudisha kwa mikono yake. Pale Ndanda, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1906 na karakana zikafuata, mafundi wa kuwafundisha walimu hawawezi kukosekana.

Wapo watakaojibu kwamba zama za baiskeli zimepita, na kwamba mtu wa busara aweke akiba anunue pikipiki. Sina ugomvi na pikipiki. Lakini pikipiki hunywa petroli kila siku, na petroli hununuliwa kwa fedha taslimu, ilhali fedha taslimu ya mkulima wa hapa huja mara moja kwa mwaka, korosho zinapouzwa. Miezi iliyobaki ni ya kujibana. Kumwambia mtu huyo angoje pikipiki ni kumwambia atembee kwa miguu, naye tayari ana chombo; anachokosa ni uwezo wa kukidumisha.

Na wale wanaogawa baiskeli, wawe ni miradi, wabunge au halmashauri, wajifunze kwa waliotangulia. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya mawimbi ya tsunami kuiharibu Sri Lanka, lilipohamishia kazi yake Zambia na nchi nyingine za Afrika halikuridhika na kugawa baiskeli kwa wanafunzi na wahudumu wa afya. Liliwafundisha mafundi wa vijijini na kuhakikisha vipuri vinafika karibu nao. Hiyo ndiyo hidaya kamili. Picha ya mgeni rasmi akikabidhi baiskeli zinazong'aa hupendeza ukurasani, lakini baiskeli hizo zikikaa ukutani kabla mwaka haujageuka, tairi chini, kwa kukosa kimpira cha valvu, fedha iliyotumika imezikwa.

Mimi ningependa kuanzia mahali ambapo wakulima wenyewe wana kauli. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vilivyo chini ya vyama vikuu vya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala, vina maghala, vina makarani, na kila mwaka vinajua namna ya kuwafikishia wanachama salfa ya kupulizia mikorosho. Mkulima huyo huyo, ifikapo Oktoba, hulibeba gunia lake la korosho hadi ghala la chama juu ya karia ya baiskeli, mara nyingi mvua za kwanza zikikaribia na magenge ya wanunuzi wa magendo, wale wa kangomba, yakimvizia njiani, tayari kumnunulia kwa bei ya dhuluma mzigo uliokwama kwa pancha. Kwa nini ghala linalohifadhi salfa lisihifadhi pia sanduku la tyubu, solusheni, spoki na mipira ya breki, vikauzwa kwa bei ya jumla au kwa kukatwa katika malipo ya msimu? Makisio ya chama hupitishwa katika mkutano mkuu, na aghalabu baiskeli za wajumbe huwa zimeegeshwa pale nje chini ya miti. Mjumbe mmoja akinyanyua mkono na kuomba jambo hili liandikwe katika ajenda, sidhani kama atakosa wa kumuunga mkono.